Mizani ya Mtafiti

Kila kazi ina mizani yake. Mkulima hupimwa kwa ghala, mvuvi kwa tenga la samaki, na fundi wa cherehani kwa mshono. Yafaa kuuliza, msomaji kijana, mtafiti wa maradhi hupimwa kwa nini.

Mtafiti hana ghala. Alichokigundua hukiandika katika makala. Wajuzi wenzake huichunguza, kisha jarida huichapisha. Anayeitumia makala hiyo hana budi kumtaja mwandishi wake. Hii ni adabu ya elimu, mfano wa msafiri anayeitaja nyumba alimopewa maji. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alishauri kutajwa huko kuwekewe faharasa, na baadaye faharasa hiyo ikachapishwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alitoa kipimo chepesi: mtu akiwa na makala 20 zilizotajwa kila moja mara 20 au zaidi, wala hana 21 zilizotajwa mara 21, kipimo chake ni 20. Vyuo vingi vimetumia hesabu kama hizi kuamua nani aajiriwe, nani apandishwe cheo, na nani apewe fedha za utafiti.

Mimi siidharau mizani hii. Kisima kinachoendewa na watu wengi aghalabu kina maji. Lakini mizani hujua uzito tu. Haijui kama gunia lina mpunga au mchanga. Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake huko Marekani walieleza njia ya kupima protini. Kufikia mwaka 2014 makala yao ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 300,000, kuliko makala nyingine yoyote ya sayansi. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi kubwa. Ilikuwa kama kisu cha jikoni: kila mpishi hukishika, wala hakuna akiitaye karamu.

Sasa tazama mfano wa jirani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha makala juu ya uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto 38. Wachache waliijali. Kama angaliwekwa katika mizani siku zile, angalionekana mwepesi. Hakutupa kalamu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika kila hospitali waliyoifikia kama uvimbe ule ulijulikana huko. Mwaka huohuo alihutubia London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe zake. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu. Leo uvimbe ule huitwa kwa jina la Burkitt, na watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona. Watoto hao hawaandiki makala. Shukrani zao hazimo katika faharasa yoyote.

Hatari huanza mtu anapoipenda hesabu kuliko ukweli. Mmoja hukata ugunduzi mmoja vipande vitatu apate makala tatu. Wawili hupatana kutajana bila sababu. Mwingine, mbaya kuliko wote, hubuni tarakimu ambazo hakuzipima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini maji katika tembo huharibu ladha tu, na uongo katika makala ya tiba huweza kufika mpaka kitandani kwa mgonjwa. Daktari huusoma, huuamini, na kipimo cha dawa huufuata.

Huenda baadhi yenu mtaingia maabara siku moja. Andikeni mlichokiona, hata kikiwa kidogo. Pimeni mara mbili kabla ya kusema mara moja. Mtajeni aliyewatangulia, hata akiwa hana jina. Mkitajwa, shukuruni, msipotajwa, endeleeni na kazi, maana mgonjwa anayeingojea dawa haulizi mwenye kuigundua alitajwa mara ngapi.