Tulijua Kuanguka, Kumwinua Mtu Hatukujua

Msomaji wangu, kuna watu starehe yao bia, kuna watu starehe yao disko, na kuna sisi. Ugonjwa wetu sisi ni kupanda na baiskeli ya gia mpaka juu ya mlima, halafu kujiachia mpaka chini huku machozi yanatoka kwa upepo. Usituulize kwa nini, maana jibu hatuna. Mama yangu mzazi ameshaniuliza mara mia, na mara zote mia nimemjibu, "Mama, mazoezi tu." Naye husonya na kuniambia, "Mazoezi gani hayo ya kukitafuta kifo kwa nauli yako mwenyewe?"

Leo nina kisa ambacho hata yeye sijawahi kumsimulia. Nimekaa nacho miaka, kimenikaba kama mwiba wa samaki. Ngoja nikitoe.

Kwa wale ambao hawajafika Lushoto, niwapeleke kidogo. Unatoka Dar kwa basi, unafika Mombo, joto la kufa mtu. Hapo unaiacha barabara kuu ya Arusha, unakata kulia na kuanza kuupanda Usambara. Ni kilometa 33 hivi za lami nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde ambalo ukilichungulia unakumbuka sala zote ulizofundishwa utotoni. Unapita Soni na maporomoko yake, na ukija kufika Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mtoto wa mjini unaulizia sweta inauzwa wapi. Wajerumani walipendezwa na baridi hiyo wakapaita Wilhelmstal. Ukisimama kwenye jabali la Irente unaiona Mazinde na mashamba ya mkonge chini ya miguu yako kama ramani ya darasani.

Sasa hebu sema kweli, mtu mwenye wazimu wa baiskeli atapita mlima kama huo bila kuujaribu?

Ilikuwa Julai 2019, mwezi wa baridi. Tulikuwa watano, wawili kutoka Dar, mmoja wa Tanga mjini na wawili wenyeji. Mmoja wa hao wenyeji ndiye mwenye kisa. Jina lake nalihifadhi, nitamwita Mgosi, kama wanavyoitana wenyewe Wasambaa. Mgosi alikuwa anaongoza wageni. Alikuwa akiwapeleka Irente, akiwaingiza msitu wa Magamba, anawatajia majina ya ndege na miti. Kwa kifupi alikuwa anaishi kwa miguu yake. Hilo naomba ulikumbuke.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunateremka kutoka Magamba. Ukungu mzito, udongo mwekundu umelowa, unateleza kama mlenda. Mwenye akili angesubiri jua. Sisi tukaambiana, "Twende, breki ni za waoga!" Mgosi alikuwa mbele. Kwenye kona moja gurudumu la mbele likaingia mtaroni, mwenzetu akarushwa juu ya usukani kama kifurushi. Kishindo chake bado nakisikia.

Tulipomfikia alikuwa anaongea, anatukana hata, tukafurahi. Lakini mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Nilikunja suruali nikatazama. Ngozi ilikuwa nzima. Narudia tena, msomaji, ngozi ilikuwa nzima kabisa, haina hata mchubuko.

Akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akautua, akatuangalia, akasema, "Msimwinue, wanangu. Subirini niwaite wanaume waje na machela." Kule milimani, kwenye njia zisizopitika kwa gari, mgonjwa hubebwa hivyo tangu zama za mababu. Miti miwili, blanketi katikati, watu wanne mpaka sita wanapokezana, wanatembea pole pole mpaka barabarani.

Machela? Karne hii? Tukaona mama wa watu anatuchelewesha. Ikapita bodaboda, tukaisimamisha. Tukampakia Mgosi mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Mguu tukauacha unaning'inia. "Kanyaga mafuta, kaka!" Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia tukaruka shimo. Nikasikia kitu kimelia, kah, kama unavunja muhogo mkavu. Mgosi alipiga ukelele mmoja, halafu akanyamaza. Nilipotazama chini, suruali ilikuwa imeanza kulowa damu. Mfupa ulikuwa umetoka nje.

Hospitali daktari aliniuliza, "Mfupa huu umetokeza saa ngapi?" Nikamjibu, bila hata kupepesa macho, "Pale pale alipoanguka, dokta."

Uongo ule ulikuwa wa sekunde mbili. Gharama yake ilikuwa ndefu. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima ni jambo moja. Mfupa uliotoka nje ukaonja vumbi na matope ni jambo jingine kabisa, maana wadudu wa maradhi wamekaribishwa mpaka sebuleni. Kidonda kikatunga usaha. Akapasuliwa, akawekewa vyuma, akapasuliwa tena. Alikaa zaidi ya mwaka hajaongoza mgeni hata mmoja. Mpaka leo anachechemea.

Mimi nikarudi Dar. Nilikuwa nikimtumia vocha na hela ya matumizi, nikizidisha kidogo kila mara, na yeye akiniambia, "Hongea sana," yaani asante kwa Kisambaa. Kila asante ilikuwa inanichoma.

Mwaka 2021 akanipigia simu. "Njoo Jumamosi. Kuna mama muuguzi mstaafu anatufundisha huduma ya kwanza, waongoza wageni na vijana wa bodaboda. Nimemwambia kuna vichaa wangu wa baiskeli, kasema muwalete hao hao."

Tukaenda. Darasa lilikuwa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yanafika kidevuni. Mama kaingia na kikapu, tukamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu. Nani kati yenu ni shujaa?" Mikono yote juu. "Haya, mashujaa ndio wanaoniulia wagonjwa. Shusheni mikono tuanze."

Weee! Mama yule hakuwa na mchezo. Somo la kwanza halikuwa damu, lilikuwa kusimama. Unafika kwenye ajali, unasimama, unaangalia kwanza kama wewe mwenyewe uko salama. Gari linakuja? Mawe yanaporomoka? Ukigongwa na wewe, majeruhi wamekuwa wawili. Halafu unamwita mgonjwa, unatazama kifua kama kinapanda na kushuka. Kama amezimia na hapumui, mikono miwili katikati ya kifua, unakandamiza kwa nguvu, kina cha sentimeta tano hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Tulifanyia mazoezi kwenye gunia la mahindi. Mbabe wetu wa Tanga, anayepanda mpaka Lushoto kwa baiskeli bila kutua, alitoka jasho kabla dakika mbili hazijaisha.

Damu inatoka? Weka kitambaa safi, gandamiza, usiachie kila saa kuchungulia. Kichwa au shingo vimepata dhoruba? Mshikilie kichwa kama kilivyo, usimkalishe, usimvue kofia ngumu kwa pupa kama anapumua vizuri. Na yale mambo yetu ya kumnywesha soda mtu aliyezimia ili apate nguvu, mama alituzuia kabisa, maana soda itaingia kwenye mapafu.

Kisha ikafika zamu ya mguu. Akachukua fimbo mbili, kanga mbili, akamlaza kijana mmoja chini. "Mguu uliovunjika unafungwa kama mlivyoukuta. Unafunga juu ya palipovunjika na chini yake, usicheze. Ukigusa vidole, viwe na joto. Ukimbeba, umlaze. Mkimpakia mshikaki, mfupa ni kisu, utachana ngozi kutoka ndani."

Nikatoka nje. Nikajifanya nakwenda kujisaidia, nikakaa chini ya mti. Kidogo nikasikia hatua, moja nzito, moja nyepesi. Mgosi akakaa pembeni yangu.

Nikamwambia yote. Shimo, ule mlio, swali la daktari, uongo wangu. Nilikuwa naangalia chini kama mtoto aliyevunja sahani.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mlio. Kwani mguu ulikuwa wa nani?"

Nikamuuliza kwa nini miaka yote miwili hakusema. Akachuma jani, akalikunja. "Ningesema ungeona aibu, usingekuja tena Lushoto. Nami nilikuwa nataka uje ujifunze. Simama, mama anatungoja."

Tangu siku ile sijamsikia akilitaja tena.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba mambo haya ya vijana wa mtaani kufanywa waokoaji yana historia. Mwaka 1967 huko Pittsburgh, Marekani, mgonjwa katika mitaa ya watu weusi alikuwa akibebwa na gari la polisi, anatupwa nyuma kama mzigo. Ikaanzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Wakachukuliwa vijana weusi wasio na kazi, waliokuwa wakihesabiwa si lolote, wakafundishwa na daktari Peter Safar, mmoja wa waliotufundisha dunia nzima jinsi ya kumrudishia mtu pumzi. Vijana wale wakawa mfano wa kazi hii Marekani, ingawa huduma yao ilifungwa mwaka 1975. Kwetu nako hatukulala. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010. Na mwaka 2022 ukazinduliwa usambazaji wa mpango wa m-mama nchi nzima. Mjamzito akipata dharura unapigwa 115 bure, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, anaitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa. Lakini idara ya dharura inampokea mtu aliyefikishwa. Kati ya mtaro wa Magamba na mlango wa hospitali kuna sisi, watu wa njiani, na mikono yetu.

Mwaka 2023 mtihani ukaja. Tulikuwa tunapanda, mwendo wa kawaida, tukakuta bodaboda imeanguka na abiria kijana analia, mguu umepinda. Msomaji, nilihisi kama naota, maana ngozi ilikuwa nzima. Watu wameshajaa, kila mmoja daktari. "Mpakieni boda hiyo! Mnangoja nini? Mtamuua!" Dereva mmoja ameshawasha pikipiki.

Mgosi akasimama mbele ya ile pikipiki na mguu wake mbovu, akatanua mikono. "Hapiti mtu." Mtu mmoja akamuita mchawi. Hakujibu. Mimi nikapiga magoti nikaanza kufunga, fimbo mbili, kanga mbili, mikono inatetemeka kuliko siku yoyote niliyowahi kuteremka mlima. Nikagusa vidole, vya moto. Tukasubiri machela. Kusubiri kule, kwa watu waliozoea kuwahi, nakwambia ni mchezo wa hatari kuliko yote niliyoicheza. Machela ikaja, tukambeba taratibu mpaka barabarani, tukamlaza kwenye pikapu.

Hospitali muuguzi akafunua, akatazama, akauliza, "Nani kamfunga huyu?"

Safari hii nilisema kweli.

Basi wenzangu wa baiskeli, wa pikipiki, wa kupanda majabali, na nyie mnaoruka Bahari ya Hindi kichwa chini miguu juu, sisemi muache. Mimi mwenyewe Jumamosi ijayo niko Magamba, na mama bado hajaacha kusonya. Ila kwenye mkoba, kando ya pampu na kiraka, weka bandeji, glavu na kanga mbili. Na kabla ya kujifunza kushuka kwa kasi zaidi, mtafute mtu akufundishe kumbeba mwenzako pole pole. Ukikutana na mama mwenye mzigo wa kuni akakwambia subiri, msikilize.