Malaba kwa Jicho la Karibu

Muhogo ukishamenywa, huku Teso haukimbizwi juani moja kwa moja. Hurundikwa ndani na kufunikwa siku tatu nne hivi, mpaka uote ukungu. Ukungu hukwanguliwa kwa kisu, muhogo ukapondwa, na chengachenga zake zikamwagwa juu ya mwamba zikauke. Ukipita asubuhi ya kiangazi kati ya Malaba na Amukura utakuta miamba mizima imegeuka myeupe. Inama na kamera hadi muhogo na jiwe vijaze fremu yote, pasionekane nyumba, mti wala mtu wa kumpa mtazamaji kipimo. Atakayeiona picha hiyo Nairobi ataapa ni theluji ya Mlima Kenya iliyopigwa kutoka kwenye ndege.

Picha za namna hii huitwa dhahania. Kilichomo ni maumbile yenyewe na hakuna kilichoongezwa. Mpiga picha ameondoa tu dalili zinazomwambia mtazamaji anaangalia nini. Mmarekani Alfred Stieglitz alifanya hivyo katika miaka ya 1920 kwa kupiga mawingu peke yake, bila ardhi wala upeo wa macho, hata mtu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa mwenye ugonjwa huo wa kutazama, sijaona pembe ya Kenya iliyojaa kuliko kipande hiki cha mpaka, kutoka Malaba kushuka Busia hadi Ziwa Victoria.

Wengi huwa wanapita tu. Malori yanayotoka Mombasa hupanga foleni ndefu yakielekea Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Mabasi ya usiku hushusha abiria wenye usingizi wagongewe pasipoti. Wabadilisha fedha huzunguka na vibunda vya shilingi za Uganda mkononi. Bodaboda, ambazo leo zimeenea Afrika Mashariki nzima, zilianzia hapa mpakani enzi za baiskeli. Anayetaka picha za maumbile hujipeleka Mara kwa nyumbu au Amboseli kwa ndovu. Huku hakuna ndovu wa kuviziwa. Kuna mawe, tope, mafunjo, nafaka na mawingu, na bodaboda itakufikisha popote vilipo.

Jambo la kwanza la kujua ni mwanga. Mji wa Busia uko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua likichomoza hupanda wima, halina subira. Ule mwanga wa kulala, unaompa kila mkwaruzo wa jiwe kivuli chake, haukai. Uwe umefika mwambani kabla ya saa moja asubuhi. Ikigonga saa tatu, jiwe limeshakuwa bapa na rangi zimepauka.

Na ukifika, ujue mwamba una mwenyewe. Salamu ya Kiteso ni "Yoga", na haigharimu kitu. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza muhogo wake aliniruhusu, kisha akataka kuona nilichokipiga. Nilimpa kamera nikitarajia ashangae. Aliitazama picha ile ambayo wenzangu wa Nairobi wangeijadili nusu saa, akasema, "Mwanangu, huu wa kushoto haujakauka. Ni wa jana." Alikuwa sahihi: upande ule weupe ulikuwa na umanjano kidogo, na mimi nilikuwa nimeupenda umanjano huo bila kujua ni maji.

Tangu siku hiyo naamini kwamba udhahania wa picha unategemea anayeitazama ametoka wapi. Ushahidi mkubwa uko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, chini ya mwamba ulioinama uliohifadhiwa kuwa mnara wa kitaifa. Ukutani mwake kuna michoro ya miduara, duara ndani ya duara, na ng'ombe. Wataalamu hutenganisha tabaka zake: michoro ya kale ya wawindaji, ambao huhusishwa na mababu wa Watwa, kisha ng'ombe waliochorwa na wafugaji waliokuja baadaye. Miduara ya aina hiyo iko pia Nyero, wilayani Kumi nchini Uganda, na katika kisiwa cha Mfangano, ambako michoro ilihusishwa na kuomba mvua.

Kakapel ni mojawapo ya maeneo yaliyoshughulikiwa na TARA, taasisi ya kuhifadhi sanaa ya miambani iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na mpiga picha David Coulson. Picha za taasisi hiyo zipatazo 25,000, kutoka pande nyingi za Afrika, zimeingizwa kwenye kumbukumbu za British Museum mjini London. Sisi tukisimama mbele ya ile miduara tunaona umbo tupu, zuri, lisilosema. Aliyeichora huenda aliisoma wazi kama yule mama alivyousoma muhogo wake. Piga picha utakavyo, ila usiguse ukuta wala usiumwagie maji ili rangi ikolee. Maji hayohayo ndiyo huifuta.

Chini ya mwamba huohuo wanaakiolojia walichimba wakapata mbegu zilizoungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kunde mojawapo ina umri wa miaka ipatayo 2,300, na wimbi lilikuwa limefika hapo miaka 1,000 iliyopita au zaidi. Ushuke basi hadi sokoni jua likiwa utosini, wakati ambao nje hakuna picha, ukae kwenye kivuli cha mabanda na lenzi ya karibu. Kunde bado zipo, rundo kwa rundo: za kahawia, nyekundu, na za maziwa zenye jicho jeusi. Wimbi ukilisogelea sana hupoteza sura ya chakula likawa mchanga mwekundu unaometa. Pembeni yake omena waliokauka wamelala kila upande, fedha juu ya fedha. Muuza nafaka atakuambia bila kuulizwa kunde ipi huiva haraka na wimbi lipi ni la uji.

Alasiri ni ya maji. Mto Sio hutembea na mpaka kabla ya kuingia ziwani, na kinamasi cha Sio-Siteko ni mali ya nchi mbili: mafunjo hayaulizani pasipoti. Hapa ufunge kichujio cha kukata mng'ao mbele ya lenzi. Ukikizungusha, anga iliyolala juu ya maji hutoweka taratibu na mashina yaliyozama yakajitokeza. Ukiachia katikati, unapata vyote viwili, mistari ya kijani ikivuka mawingu.

Ukiwa na siku zaidi, endelea kusini hadi Budalang'i, mahali Nzoia inapoyafikisha ziwani maji yaliyotoka Cherangany na Elgon. Mto hubeba udongo, na ukifurika huuacha mashambani. Tope likikauka hupasuka vipande vyenye kingo zilizojikunja, na sijui mpiga picha anayeweza kupita bila kusimama. Lakini huko uombe ruhusa mara mbili. Mpasuko unaokupendeza ni mahindi ya mtu yaliyozama, naye akiutazama anaona maji yalifika wapi na yalikaa siku ngapi.

Baada ya saa tisa tazama juu. Msimu wa mvua, mawingu yanayolelewa na ziwa hurundikana marefu hadi kuficha jua, na Stieglitz angelazimika kununua filamu nyingine. Jioni utakaribishwa kwenye ajon, pombe ya wimbi inayonywewa chunguni kwa mirija mirefu, kila mzee na mrija wake. Ukimwomba mwenye chungu upige picha ya povu linavyozunguka na pumba zake, jibu nililopewa mimi ndilo utakalopewa: "Piga, lakini kwanza unywe."

Kufika ni rahisi. Malaba iko kwenye barabara kuu kutoka Eldoret kupitia Webuye na Bungoma, na Busia hufikiwa kutoka Kisumu kupitia Ugunja na Bumala. Kati ya miji hiyo miwili matatu hazikosekani. Machi hadi Mei uende kwa ajili ya mawingu na maji, Januari na Februari kwa ajili ya mwamba na muhogo. Kwenye kituo cha mpaka kamera ibaki mfukoni, maana pale maofisa hawana mzaha. Na kabla ya kurudi, safisha picha kadhaa mjini uwapelekee wenye miamba, mashamba na vyungu. Watakuambia ulichokipiga, na mara nyingi watakuonyesha penye kizuri zaidi.