Kaseti ya Baba Yako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Mvua za vuli zimechelewa kidogo, lakini mchungwa wa nyuma umeshika maua.

Mdogo wako amenifikishia salamu zako, na amenifikishia pia jambo ambalo hukumtuma. Kwamba kwenye harusi ya binamu yako, bendi ilipoanza kupiga "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, uliinuka mezani ukatoka, ukakaa ndani ya gari mpaka watu walipoanza kutawanyika. Na kwamba nyimbo zote za zamani umezifuta kwenye simu yako. Sikulaumu. Nilikuwapo siku ile hospitalini. Ni wewe uliyemwekea baba yako simu karibu na mto ili asikie sauti aliyoipenda, na wimbo haukufika mwisho akawa ametutoka. Aliyepitia hilo haambiwi ajikaze kwa kuwa ni wimbo tu.

Lakini mimi ni shangazi yako, na yapo mambo ya wimbo huo ambayo wewe huyajui kwa sababu yalitokea hujazaliwa. Baba yako hakuwa msimuliaji. Nikinyamaza na mimi, yatakwenda.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Oktoba 1978, baba yako alikuwa na miaka 20, fundi baiskeli hapa hapa Ngamiani. Alikuwa amepitia mgambo, na Desemba wakaitwa. Waliondoka kwa lori alfajiri. Bibi yako alikuwa amekesha akipika mkate wa kumimina wa safari, na alipofika nao mbio barabarani lori lilikwisha kukata kona. Tulirudi nao nyumbani. Ulikaa juu ya meza umefunikwa kawa mpaka ukaota ukungu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuula wala kuutupa.

Tangu siku hiyo redio yetu haikupumzika. Ilikuwa ya betri nne kubwa, na zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate angalau nguvu za kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Katikati ya Januari 1979 ndipo ikatangazwa kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Miaka 34 tu. Bibi yako hakuwa mtu wa dansi kabisa, alikuwa mtu wa maulidi. Lakini alikaa chini pale kizingitini akalia kilio cha mfiwa, maana "Shida" ndio wimbo ambao mwanawe alikuwa akiupiga mluzi kutwa nzima akiziba pancha. Akaona ni ishara. Kuanzia usiku ule wimbo huo ukawa haupigwi ndani ya nyumba yetu. Ukianza tu, aliye karibu anaruka kuzima redio, hata kama tunasubiri habari za vita. Miezi ikapita, barua hakuna.

Kwa hiyo wewe si wa kwanza katika ukoo huu kuukimbia.

Baba yako alirudi mwishoni mwa mwaka, amekonda, shati linamcheza mwilini. Hakusema aliyoyaona na hatukumuuliza. Jioni moja tumekaa uani, bibi yako yuko jikoni anakuna nazi, redio ikaanza wimbo ule. Nikaruka kama kawaida. Baba yako akanishika mkono. "Dada, uache." Nikaketi. Kule jikoni ile mbuzi ya nazi ikanyamaza ghafla. Nikajua mama amesikia, nikamngoja atoke akemee. Hakutoka. Mbaraka akaimba, gitaa likaingia, na katikati ya lile gitaa nikasikia mbuzi imeanza tena, kwanza polepole, halafu sawasawa na mdundo wa wimbo. Tulisikiliza mpaka mwisho. Mpaka leo, popote nitakapoisikia "Shida", mimi nasikia nazi inakunwa.

Hicho ndicho kilichomo ndani ya wimbo ambao wewe unasikia ndani yake kitanda cha hospitali tu. Na si kwamba kitanda hakimo. Kimo. Lakini kimefika juzi, kimekuta wenyeji.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, nawe unanijua, sipendi maneno ya kubahatisha. Baada ya kustaafu nilisoma habari za mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Petr Janata, aliyetoa utafiti wake mwaka 2009. Aliwapigia vijana nyimbo za utotoni na za ujana wao huku mashine ikipiga picha za ubongo, akaona sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ikichangamka pale wimbo unapomwamshia mtu kumbukumbu ya maisha yake mwenyewe. Na sehemu hiyo ni miongoni mwa zile ambazo maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni huchelewa kuzifikia. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyaona kwa macho yangu, kwa bibi yako.

Wewe ulikuwa mbali, na wazee hawakutaka uambiwe kila kitu. Miaka miwili ya mwisho bibi yako aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha akawa haniiti kwa jina lolote. Shughuli kubwa ilikuwa kumwogesha. Akiona namvua kanga alipiga kelele kwamba mwizi ameingia, akanikwaruza mikono. Siku moja, mikono yangu ina sabuni na machozi yananitoka, nikaanza bila kupanga kuimba wimbo wa kutwanga wa kwao Pangani. Unajua kutwanga kwa michi miwili: mmoja huanza, mwenziwe huitikia mchi wake unaposhuka. Nikaanza ubeti, nikafika pale pa kuitikiwa nikanyamaza, maana pumzi iliniishia. Naye akaitikia. Sauti nyembamba kama uzi, lakini kwa wakati wake hasa, na mkono wake ukapiga bega langu pale mchi unapotua. Mabega yalilegea, akaniacha nimwogeshe mpaka miguu. Tukafanya hivyo kila asubuhi mpaka alipofariki. Jina langu halikumrudia tena, lakini zamu yake ya kuitikia hakuikosa.

Sasa fikiri. Ningekuwa nimeukimbia wimbo ule kwa sababu unanikumbusha mama nilivyomjua zamani, ningemwogeshaje?

Nitakueleza na jingine, ili usije ukadhani nasema wimbo haukosei. Miaka mingi nilikuwa nikisimulia kwamba siku mume wangu alipoleta posa, mwaka 1976, redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo wa Mlimani Park. Nilikuwa nasikia mpaka tarumbeta. Baba yako ndiye aliyenisahihisha: "Dada, Mlimani Park imeanzishwa 1978." Nilibishana naye wiki nzima, na ukweli ulikuwa wake. Ile furaha ya posa na ile furaha ya kucheza Sikinde ya Mlimani Park zilishonwa pamoja kichwani mwangu bila mimi kuwa na habari, na hata leo nikijua ni uongo wa tarehe, bado tarumbeta naisikia. Nimekaa na jambo hilo nikalitafakari sana tangu nilipopata habari yako. Ikiwa wimbo unaweza kupokea siku ambayo haikuwa yake na kuishika hivyo, basi unaweza kupokea siku nyingine pia. Haujafungwa. Bibi yako aliusikia ukiwa wa kifo, kisha akausikia mwanawe yuko hai uani, na tangu jioni ile hakuna aliyeuzima tena. Lakini kwanza ilibidi mtu aseme uachwe umalizike. Wewe mara zote mbili umeusikia nusu: hospitali haukufika mwisho, na harusini ulitoka.

Nasaha yangu basi ni hiyo, usikilize mpaka mwisho. Si kesho, na si peke yako usiku kwenye chumba cha kupanga. Usikilize penye watu waliompenda.

Wala sikwambii uurudishe kwenye simu uwe unausikiliza kila siku. Hilo ni kosa la upande wa pili, na mimi nimelifanya. Nilipokuwa na miaka 17 hapa Tanga kulikuwa na Black Star Musical Club, taarabu yenye gitaa la umeme, na Shakila akiimba. Nyumbani kwetu msichana hakuruhusiwa kwenda ukumbini usiku, kwa hiyo tulisimama nje ya dirisha, tumejitanda kanga mpaka puani, asumini ya walio ndani inatufikia pamoja na sauti. Kwa zaidi ya miaka 40, wimbo mmoja wa Shakila ulikuwa ukinirudisha chini ya dirisha lile, mpaka baridi ya ukuta nikiuegemea. Mwaka juzi wajukuu wakaona wanifurahishe, wakauweka uwe mlio wa simu yangu. Baada ya miezi miwili wimbo ukawa unanikumbusha mtu anayedai kodi ya duka. Nimeutoa, na nangoja. Asumini haijarudi bado. Kwa hiyo nyimbo zako chache zitunze kama tulivyotunza nguo ya Idi. Zisikilize kwa nafasi.

Na usiwe unasubiri redio au intaneti ikutunzie. Sauti ya Mbaraka ipo, itapatikana. Ule mluzi wa baba yako akiziba pancha haupo popote. Wimbo wa kutwanga wa bibi yako, tunaoujua tumebaki wawili, mimi na mama mdogo wa Pangani, na yeye kifua kinamsumbua. Zile nyimbo za mchakamchaka alizotufundisha kaka yetu mkubwa, na maneno yake aliyoyageuza mwenyewe, nazikumbuka nusu tu. Ukija, njoo na simu yenye nafasi, uturekodi. Tutaimba vibaya, nawe usitusahihishe.

Nimebakisha jambo moja ambalo nimekuficha tangu matanga, kwa kuwa nilikuona hujawa tayari. Mwaka 1981 baba yako aliazima redio kaseti kwa rafiki yake wa bandarini. Kaseti za dukani hatukuziweza, kwa hiyo alinunua moja tupu, akaikabilisha ile mashine na redio yetu juu ya meza, akangoja mchana kutwa mpaka wimbo wake upigwe. Kaseti hiyo ninayo. Iliwahi kuliwa na mashine, mkanda ukatoka nje kama utumbo wa samaki, akaurudisha mwenyewe kwa kalamu ya wino, akizungusha taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Pale ulipokatika aliunga kwa gundi ya karatasi, ndiyo maana wimbo unaruka kidogo kabla ya gitaa.

Ukiisikiliza utasikia kwanza kuku. Halafu mlango wetu wa uani, ule uliokuwa na bawaba mbovu. Halafu watoto wa jirani wanazozana, na kabla Mbaraka hajaanza, sauti ya kijana wa miaka 23, karibu kabisa na mashine, inasema: "Nyamazeni, inaanza."

Njoo kabla ya Ramadhani. Mama mdogo nitamwita kutoka Pangani, na mdogo wako atakuja. Nitapika wali wa nazi, na nazi nitaikuna mwenyewe. Mashine nimekwisha kuipeleka kwa fundi, inazunguka vizuri, lakini umeme wetu siku hizi hauaminiki, na betri za madukani hapa hazimalizi hata upande mmoja wa kaseti. Lete nne kubwa.

Wako,
Shangazi