Kiti cha Wilaya Nzima

Bwera, 31 Mei 2024

Redio tangu asubuhi inarudia habari moja: Marekani imempiga marufuku Luteni Jenerali Peter Elwelu kuingia nchini humo, kwa sababu ya mauaji yaliyofanywa na askari waliokuwa chini yake. Mauaji ya Kasese, Novemba 2016. Kinyozi alizima mashine ili wote tusikie. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akauliza, "Na hapa nyumbani wamesema nini?" Hakujibiwa.

Jioni mwalimu mkuu akanipigia. Anataka nizungumze na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne kuhusu mbunge mwanamke wa Marekani, kwa kuwa shule imepata vitabu na kimoja ni cha maisha ya Shirley Chisholm. Nimemkubalia.

2 Juni

Nimemaliza kusoma juu ya Chisholm. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1924, wazazi wahamiaji kutoka Karibi, mwenyewe mwalimu wa watoto wadogo kabla ya siasa. Mwaka 1968 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Wakubwa wakampeleka kwenye kamati ya kilimo, yeye aliyechaguliwa na watu wa mjini wasio na hata kitalu cha mboga! Mbunge mgeni alitarajiwa kunyamaza. Yeye alilalamika mbele ya wote mpaka akahamishwa. Mwaka 1972 akawania kuteuliwa na chama chake kugombea urais.

Mwaka huohuo wa 1972 alizaliwa Winnie Kiiza, aliyekuwa mbunge mwanamke wa Kasese. Hapo nikaweka kalamu chini. Hawa wasichana watamjua wa Brooklyn, na huyu wa Kasese watamjulia wapi? Wengi wao walikuwa bado shule ya msingi alipokuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Chisholm nitampa dakika zake, zilizobaki ni za Kiiza.

4 Juni, siku ya soko

Nimeshinda Mpondwe. Akina mama wa Kongo wanavuka na mawese, wa kwetu wanarudi nao na samaki wakavu. Mama ninayenunua kwake mawese hupima kwa chupa ya maji, anaijaza mpaka mdomoni, anaigonga mezani povu lishuke, halafu anaongeza. Huku akigonga nilimuuliza kama anakumbuka alivyompigia kura Kiiza mara ya kwanza.

"Kaka, kabla ya hapo nani alituuliza?" akasema. "Walikuwa wanachaguana wenyewe huko juu."

Ni kweli kabisa, na hili ndilo nataka wasichana walishike. Tangu 1989 kila wilaya ya Uganda ina mwakilishi wake mwanamke, na Katiba ya 1995 ikaliweka hilo katika kifungu cha 78. Lakini kwa miaka mingi waliowachagua ni wajumbe wachache wa halmashauri na mabaraza. Mwaka 2006 ndipo kura ikafunguliwa kwa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, na mwaka huo ndio Kiiza aliingia kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC. Hebu fikiria ukubwa wa kazi. Mbunge wa Bukonzo West anaomba kura Bukonzo West. Mbunge mwanamke anaomba kura Hima penye saruji, Kilembe penye machimbo ya shaba, Katwe penye chumvi, vijiji vya mlimani ambako gari halifiki, halafu anashuka mpaka hapa mpakani. Sensa ya 2014 ilihesabu karibu watu 700,000 katika wilaya hii. Halafu mtu anakiita kiti cha huruma!

5 Juni

Nyongeza. Uchaguzi wa Februari 2016 lazima niueleze vizuri. Crispus Kiyonga, ambaye mwaka 1980 alikuwa mgombea pekee wa chama cha UPM kushinda ubunge nchini, wakati Museveni mwenyewe alishindwa, safari hii akiwa Waziri wa Ulinzi aliangushwa hapahapa Bukonzo West. Kasese iliipa FDC kura zake. Miezi michache baadaye FDC ikamteua Kiiza kuongoza upinzani Bungeni, mwanamke wa kwanza kukalia nafasi hiyo. Waliomtangulia, Ogenga Latigo, Nandala Mafabi na Wafula Oguttu, wote walikuwa wanaume wenye majimbo ya kawaida. Yeye alipanda kutoka kiti cha wanawake, baada ya kuwa mnadhimu mkuu wa upinzani.

8 Juni, Kasese mjini

Nilikuja kununua vipuri vya pampu. Nimepita njia ya ikulu ya Omusinga, mfalme wa Rwenzururu.

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016. Polisi waliuawa, walinzi wa kifalme waliuawa, kisha jeshi likaivamia ikulu. Human Rights Watch walihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa siku hizo mbili, watoto wakiwemo. Omusinga Charles Wesley Mumbere akakamatwa, na hakurudi kuishi nyumbani mpaka Oktoba ya mwaka jana, mashtaka yalipokwisha kuondolewa. Elwelu alipandishwa cheo Januari 2017, maiti nyingine zikiwa bado hazijatambuliwa na ndugu zao.

Nikiwaza kuhusu Kiiza, siku hizo mbili ndizo hunijia kabla ya hotuba yoyote. Alikuwa na nusu mwaka tu kwenye ofisi yake. Kiongozi wa Upinzani hutakiwa kusema kwa niaba ya nchi nzima, na hapo waliokufa, wajane, na vijana waliosombwa kwa malori walikuwa wapiga kura wake yeye, wa kila tarafa. Mbunge wa jimbo moja angeweza kusema yake yamo salama. Yeye hakuwa na kata hata moja ya kujificha. Naamini alibeba mzigo ambao hakuna mwanasiasa wa upinzani mwingine wa wakati wake aliyebebeshwa, na alisimama.

10 Juni

Yaliyofuata niyapitie haraka. Tarehe 27 Septemba 2017 watu wa usalama waliingia ukumbini kuwatoa wabunge waliopinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais. Mmoja wao, Betty Nambooze, aliumizwa mgongo. Desemba 20 muswada ukapita, kura 315 kwa 62. Agosti 2018 FDC ikampa Betty Aol Ocan nafasi ya Kiiza. Kiiza alikuwa upande wa Mugisha Muntu, aliyekuwa rais wa FDC, akaja kumfuata katika chama kipya cha ANT. Mwaka 2021 hakugombea tena. Miaka 15 bungeni, akaondoka kwa hiari. Nchi hii wangapi wameweza?

Hapa nina neno moja la kumlaumu. Baada ya mihula miwili angegombea jimbo la kawaida, akiache kile cha wilaya kwa binti mwingine. Katiba haimzuii mwanamke kugombea popote.

14 Juni

Nimezungumza nao. Keshokutwa ni mwaka mmoja tangu wanafunzi wa shule ya Lhubiriha kuuawa na waasi wa ADF, na darasani wapo waliofiwa. Ilinibidi kwenda polepole nilipofika kwenye ikulu. Hata hivyo hawakutaka niruke.

Binti wa kidato cha nne akauliza kama viti hivi ni vya milele. Nikamsomea kifungu cha 78: Bunge linatakiwa kuvipitia upya, baada ya miaka kumi kwanza, kisha kila miaka mitano. "Basi wakivifuta nitagombea Bukonzo," akasema. Jirani yake akamkatalia palepale: wavifute, halafu nani atamchagua mwanamke mlimani? Kengele ililia wakiwa bado wanabishana.

Mwalimu mkuu ametenga Ijumaa ijayo kwa mdahalo. Mimi natakiwa kuleta nakala nne za Katiba, na orodha ya wanawake wote wa Uganda walioshinda majimbo ya kawaida. Ya pili nitaianza usiku huu.