Fuawe Iliyonunuliwa kwa Mtamba

Katika kaunti ya Nyeri palikuwa na kijana mmoja aliyejifunza kulehemu vyuma mjini Karatina, akawa fundi wa milango na madirisha. Kazi hiyo ilimlisha, lakini haikumridhisha. Alitamani kuwa mhunzi hasa, mtu wa kukitia chuma motoni na kukigeuza kwa nyundo kuwa jembe, shoka au patasi. Nyundo alikuwa nayo, koleo alijitengenezea, na mahali pa mivukuto alitumia feni ya motokaa kuukuu. Kilichokosekana ni fuawe.

Basi mwaka 2019 akauza mtamba mmoja, akapata shilingi 20,000. Mtamba huyo alikuwa amelelewa na mkewe tangu siku alipozaliwa, naye mke alikubali auzwe kwa sharti moja tu, kwamba fedha hizo zisiende kununua chuma kibovu.

Kijana akamwendea mjomba wake, mzee aliyefua vyuma miaka mingi. Babaye mzee huyo alikuwa akifulia juu ya jiwe gumu, kama walivyofanya wahunzi wengi wa Kikuyu zamani, ambao chuma chao walikiyeyusha kutoka katika mchanga mweusi wa mitoni. Wako vijana wanaolicheka jiwe lile, lakini mikuki na visu vilivyotoka juu yake havikuwa vya kuchekesha.

"Mjomba," akasema kijana, "nataka fuawe kubwa kuliko zote nitakazoziona."

"Ukubwa baadaye, mwanangu," akajibu mzee. "Nyundo yako ina kilo moja, fuawe ya kilo hamsini hivi itakutosha. Tazama kwanza imeundwa kwa chuma gani." Akatia mfukoni gololi ya chuma iliyotoka katika beringi ya lori, wakaondoka kwenda Nairobi.

Walianzia Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati mchana kutwa juu ya vipande vya reli na vyuma vya magari, hata mtu hasikii neno la jirani yake. Katika duka moja la karibu waliona fuawe mpya iliyopakwa rangi ya buluu, yenye pembe nzuri, bei shilingi 18,000. Kijana aliipenda mara moja. Mzee aliomba ruhusa ya mwenye duka (maana kugonga mali ya mtu bila kuuliza si adabu), akaiachia gololi juu yake kutoka kimo cha shubiri moja. Ikaruka kidogo, ikatulia. Akaigonga kwa nyundo ndogo, ikatoa mlio mzito kama wa chungu chenye ufa.

Nje ya duka akamweleza mpwa wake. Fuawe ile ilikuwa ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hiyo humeza pigo badala ya kulirudisha. Mhunzi huchoka kabla kazi haijaiva, na kingo zake hukatika vipande. Fuawe njema yenye uso wa chuma cha pua huirudisha gololi zaidi ya robo tatu ya kimo ilikoangushwa.

Karibu na kituo cha mabasi alitokea mtu mwenye kipande cha reli, akitaka shilingi 3,000 tu. Hapo kijana alishikwa na tamaa, wala si tamaa ya kipumbavu. Reli ni pua nzuri. Ikisimamishwa wima na kuzikwa katika gogo, hata uzito wake wote ukawa chini ya nyundo, hufanya kazi vizuri kuliko ikilazwa, maana ikilazwa hucheza. Mzee aliuliza jambo moja tu: risiti. Haikuwapo. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na mnunuzi wa mali ya wizi hushtakiwa pamoja na mwizi. "Reli haioti shambani," akasema mzee, wakaenda zao.

Fuawe yao waliikuta Nakuru, katika uwanja wa vyombo vikuukuu vya mashamba. Ilikuwa ya Kiingereza, imejaa kutu, ubavuni imechongwa nambari 1, 0 na 14. Gololi ilirudi karibu kufika mkononi. Mwenye uwanja alisema nambari zile ni kilo 114, na kwa shilingi 300 kila kilo bei ni 34,200. Kijana akainama. Lakini mzee alizijua nambari hizo. Waingereza wa zamani walipima fuawe kwa hesabu yao wenyewe: nambari ya kwanza huhesabu mafungu ya ratili 112, ya pili mafungu ya ratili 28, na ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi 1, 0 na 14 ni ratili 126, kama kilo 57. Muuzaji alikasirika, akaita mizani ya mahindi iletwe. Mizani ikasema 57. Ni haki kumsifu mtu huyo, kwa kuwa hakubadili bei ya kilo. Alipokea shilingi 17,100 akaandika risiti.

Ukingo mmoja wa fuawe ulikuwa umemeguka, na kijana, kwa ufundi wake, akataka kuulehemu. Mzee alikataa katakata. Bamba la pua lililo juu ya fuawe kama ile ni jembamba, na joto la kulehemu huuondoa ugumu wake. Kulisaga ni kulimaliza. Neno hilo lilimwingia kijana kwa shida, lakini alitii.

Nyumbani waliiweka juu ya gogo, uso wake ukilingana na ngumi ya kijana asimamapo mikono imening'inia. Baada ya kulipa nauli na mzigo zilibaki shilingi 1,400, akazikabidhi kwa mkewe. Mke akaomba gololi, akaiachia mwenyewe mara tatu, akaitazama ikipanda. Kisha akaagiza kitu cha kwanza kifuliwe: kigingi cha kumfungia ng'ombe, mama yake yule mtamba.