Baba, hujakanyaga breki

Wao wanaishi Rau, Moshi mjini. Bibi yuko Marangu. Kila Desemba safari ni ile ile: lami hadi Himo, kisha mlima na kona mpaka Marangu Mtoni, halafu barabara ya vumbi katikati ya migomba. Kupanda si taabu. Taabu ni kurudi, gari limejaa watoto na mikungu ya ndizi, na breki ndiyo tegemeo.

Wiki moja kabla ya Krismasi breki za mbele zilianza kulia chuma kwa chuma. Baba ni mwalimu, si fundi, lakini mafundi walikwisha kumchosha. Mmoja aliwahi kurudisha pistoni kwa bisibisi na nyundo, akachana mpira wake. Safari hii akanunua pedi, akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akapiga jeki. Binti yake wa kidato cha pili akaja na stuli.

"Mama, kamsaidie mama yako jikoni."

Hakwenda.

Pedi mpya ni nene. Pistoni hutoka kidogo kidogo kadiri pedi za zamani zinavyolika, kwa hiyo sharti irudishwe ndani, la sivyo kalipa haliwezi kukaa juu ya diski. Baba alisukuma kwa vidole, wapi! Akaazima kilampu kwa jirani seremala, akaweka pedi kuukuu juu ya pistoni na kukaza taratibu. Ikaanza kuzama.

"Baba, oili inapanda kwenye kopo!"

Kweli. Oili inayosukumwa hurudi juu, na mwezi uliopita alikuwa ameiongeza. Akainyonya kwa bomba la sindano kabla haijamwagika, maana oili ya breki hula rangi ya gari.

Tangu hapo akawa anamweleza kila kitu. Kalipa lisining'inie kwa mpira wake, lifungwe kwa waya. Pistoni za nyuma za baadhi ya magari huzungushwa huku zikisukumwa, ukizilazimisha unaziharibu. Na kabla gari halijasogea, kanyaga breki mara kadhaa, kwa sababu pistoni imerudi mbali na pedi na mguu wa kwanza hukuta patupu.

Walipomaliza, bibi akapiga simu. Baba alizungumza naye huku akishusha jeki na kuondoa mawe. Mama akapanda na mtoto wa mwisho, wafike dukani wajaribu gari. Uwanja wao unateremka mpaka kwenye mfereji. Mkono wa baba ulikuwa tayari kwenye breki ya mkono.

"Baba, hujakanyaga breki."

Akakanyaga. Mguu ukazama mpaka chini. Mara ya pili, chini. Ya nne ndipo ikawa ngumu. Mama alimtazama mumewe, hakusema neno.

Asubuhi ya kwenda Marangu, baba alifungua boneti, akamwita binti aje kuangalia kopo la oili. Kaka yake mkubwa alikuwa amesimama pale pale.