Chombo cha Kumbeba Kusi



Katika ukurasa huu tumezoea kukumbushana vyombo vilivyowabeba wazee wetu: majahazi ya msimu, meli za abiria, na baadaye ndege. Leo nataka kuzungumza juu ya chombo cha kumbeba mnyama, kwa kuwa mwaka huu jambo hilo limetushughulisha hapa nyumbani Uingereza kuliko harusi.

Binti yangu ana farasi aliyehasiwa, wa mbegu ya Ireland, mwenye urefu wa sentimita 175 begani na uzito wa kilo 700. Amempa jina la Kusi. Akiwa malishoni ni mpole, hata watoto wadogo humlisha karoti. Akitiwa garini hugeuka kiumbe kingine: hutoka jasho hadi tumboni, hupiga kwato ukutani, na kila penye kona huhangaika kwa miguu yote minne kama aliyesimama juu ya barafu. Siku aliyoletwa kwetu, muuzaji alikuwa amemtia katika tela nyembamba ya farasi wawili. Alianguka njiani, akafika amechubuka miguu ya nyuma.

Mtu angeweza kusema, basi asisafiri. Lakini malisho tuliyokuwa tumepanga yaliuzwa, na banda jipya liko mwendo wa saa nne. Tena daktari wa mifugo alitutajia jambo zito zaidi. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo, mara nyingine hakuna cha kumwokoa ila upasuaji, na chumba cha upasuaji hakimfuati malishoni. Farasi asiyekubali kupanda gari huenda akafia pale pale aliposimama. Binti yangu akaanza kusema kwamba afadhali amuuze kwa mtu wa jirani. Alisema hivyo huku akimsugua shingo, na mimi nikajua maneno yale hayakutoka moyoni.

Nilimpigia simu ami yangu aliyeko Muscat, ambaye ameishi na farasi tangu ujana wake. Baada ya kuulizana hali za watoto mmoja baada ya mwingine, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, farasi huyo anakataa safari au anakataa chombo?"

Swali hilo ndilo lililotuongoza. Farasi aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Dereva anapofunga breki, mzigo huo huzidi kusukumwa mbele. Gari linapokata kona, mwili huvutwa upande. Ili asianguke, farasi hana budi kutanua miguu. Mdogo hupata nafasi ya kufanya hivyo. Mkubwa, akiwekwa katika chumba cha kipimo kile kile, huzuiwa na ukuta upande mmoja na ubao wa katikati upande wa pili, hasa ubao huo ukishuka hadi sakafuni. Tulichokuwa tukikiita ukaidi kilikuwa ni kutafuta mahali pa kukanyaga.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika jambo hili kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Tulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni tela ya kuvutwa na gari dogo. Tangu Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida hapa Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela hadi kilo 3,500. Bei yake ni nafuu, nayo ubao wa katikati ukiondolewa, farasi mmoja hupata upana wa wawili. Lakini tela huyumba, na mnyama mkubwa mwenye hofu huiyumbisha zaidi. Wako farasi wanaotulia wakisafiri wameelekea nyuma, lakini hilo halifai katika tela iliyoundwa kwa farasi wanaotazama mbele, kwani uzito hurudi nyuma na tela huanza kucheza barabarani.

Ya pili ni lori dogo la tani 3.5. Hili hupendwa na vijana kwa sababu leseni ya gari dogo inatosha. Hata hivyo, kilo hizo 3,500 ni jumla ya kila kitu. Lori likiwa tupu na uzito wa kilo 2,500, hubakia 1,000. Ondoa Kusi 700, watu wawili 150, maji, matandiko na nyasi kavu 100: hubakia kilo 50 tu. Na mengi ya malori hayo yamepimwa kwa farasi wa wastani, si kwa jitu.

Ya tatu ni lori la tani 7.5, zito, lisiloyumba upesi, lenye vizuizi vinavyosogezwa. Sisi tuliofaulu mtihani wa udereva kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida tunaruhusiwa kuliendesha. Waliokuja baadaye hutakiwa kufanya mtihani mwingine. Ndipo binti yangu akacheka, akasema leo leseni ya mzee ina faida.

Tulikodi lori la aina hiyo, lakini kwanza tuliinua mipira ya sakafuni kutazama kama mbao zimeoza kwa mikojo. Tulichagua lenye ubao wa kupandia usio mkali na taa ndani, kwa maana macho ya farasi huchelewa kuzoea giza. Kwa wiki mbili Kusi alikula humo, injini ikiwa imezimwa na mlango wazi. Kisha akaendeshwa dakika kumi, kisha nusu saa. Siku yenyewe alipewa nafasi ya farasi wawili, akasimama mshazari, na kamba yake ikaachwa ndefu kiasi cha kuinamisha kichwa. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kusafisha njia zake za pumzi, na maradhi ya mapafu hufuata.

Nilipokuwa naendesha, niliwafikiria mabaharia. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alielekea Dhofar kutoka pwani yetu, na ameandika kwamba farasi wazuri walisafirishwa kutoka huko hadi India. Na mwaka 1840, Sayyid Said bin Sultan alipoituma merikebu yake Sultana kutoka Zanzibar hadi New York chini ya Ahmad bin Na'aman, miongoni mwa zawadi za rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Walitoka Februari, wakafika tarehe 30 Aprili. Majina ya mabaharia wakuu tunayo; ya masaisi waliowanywesha farasi maji katika mawimbi hatunayo.

Kusi alifika na jasho shingoni, miguu yake mizima. Alikunywa ndoo nzima ya maji, kisha akaanza kula. Bado si msafiri mwema, na pengine hatakuwa. Ila sasa tunajua kwamba siku ya dhiki atapanda, na binti yangu hazungumzii tena kumuuza.

Kama katika ukoo wenu yumo mzee aliyekuwa saisi, au aliyewahi kupakia punda, ng'ombe au farasi jahazini, mwulizeni alivyofanya, mtuandikie. Elimu hiyo bado inahitajika.